Mjadala: Simba aliyevishwa kola ya utafiti awindwe au asiguswe?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na ninaomba tulijadili kwa heshima. Simba au chui aliyevishwa kola ya utafiti, yaani mkanda wa shingoni wenye kifaa kinachotuma mawimbi ili watafiti wajue alipo, je, mwenye kibali cha uwindaji wa kitalii aruhusiwe kumuua?

Wengi mnamkumbuka Cecil, dume wa Hifadhi ya Taifa ya Hwange kule Zimbabwe, umri wake kama miaka 13, aliyekuwa akifuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Julai 2015 alivuka mpaka wa hifadhi. Daktari wa meno kutoka Marekani akampiga mshale usiku, simba akakaa na jeraha saa kadhaa kabla ya kumaliziwa. Mashtaka dhidi ya mwindaji bingwa aliyemwongoza mgeni huyo yalifutwa mwaka 2016. Kisha Julai 2017 mwanawe, Xanda, akapigwa risasi kilomita kama mbili tu nje ya hifadhi ileile, naye ana kola shingoni. Safari hii hata kesi haikuwapo, kwa sababu vibali vilikuwa sawa.

Mimi nasema wazi: hili si haki. Mnyama aliyefuatiliwa kwa miaka, ambaye tunajua alizaliwa lini, mama yake nani, amelala wapi jana, ni hazina ya elimu kwa umma. Sheria iandikwe kwa mstari mmoja tu: mwenye kola asiguswe, na atakayemgusa afutiwe leseni. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Naunga mkono asilimia mia. Kumvisha simba kola si mchezo. Daktari wa mifugo lazima awepo, dawa ya usingizi ipimwe vizuri, mnyama asimamiwe mpaka ainuke salama. Baada ya hapo kifaa kinatuma mahali alipo kwa setilaiti kila baada ya saa chache, na akitulia muda mrefu kupita kawaida kinatuma ishara kwamba huenda amekufa. Halafu mtu aje akate kazi yote hiyo kwa sababu ya ngozi ya kutundika ukutani?

Mchangiaji wa 2

Mleta mada, uchungu wako nauelewa, maana nimebeba antena porini miaka minne nikifuatilia simba kwa miguu na kwa gari. Nimewahi kukuta kola imelala peke yake kwenye majani, imekatwa kwa kisu. Siku hiyo sikula. Lakini pendekezo lako nalipinga, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanijibu.

Tunawavisha simba kola ili tujue maisha yao yalivyo, na kufa ni sehemu ya maisha hayo. Simba kumi wenye kola tunawachukulia kama wawakilishi wa mamia wasio na kola. Ukiweka sheria kwamba hao kumi wasiguswe, umewatoa kwenye kundi. Watakachokuonyesha hakitakuwa tena maisha ya simba wa eneo lile. Ni kama unataka kujua waendesha bodaboda wangapi hupata ajali, kisha wale unaowafuatilia unawapa gari la polisi litangulie mbele. Utaandika kwamba bodaboda ni salama, na vijana wataendelea kufa.

Sasa turudi Hwange yenyewe, kwa sababu ushahidi uko huko. Kati ya mwaka 1999 na 2004 watafiti wa Oxford walivisha kola na kuweka alama simba 62. Katika kipindi hicho 34 walikufa, na 24 kati yao walipigwa na wawindaji wa kitalii kwenye maeneo yanayoizunguka hifadhi. Madume wazima waliokuwa na alama, asilimia 72 waliishia kwenye bunduki. Uwiano ukashuka kutoka dume mmoja kwa majike watatu hadi dume mmoja kwa majike sita. Hakuna afisa aliyekuwa akiona hayo kwenye makaratasi ya vibali, kwa sababu kila kitalu, yaani eneo lililotengwa kwa uwindaji, kilihesabu simba wake chenyewe, na simba hao wote walikuwa wanatoka hifadhi moja.

Takwimu hizo ndizo zilizosaidia uwindaji wa simba kusimamishwa katika eneo hilo kuanzia 2005 hadi 2008, na ulipofunguliwa tena idadi inayoruhusiwa ikapunguzwa sana. Sasa niambie, kama mwaka 1999 ingekuwepo sheria yako, wale 24 wangekuwa hai kwenye rejista, wawindaji wangepiga majirani zao wasio na kola, na sisi tungesoma kwamba Hwange hakuna tatizo.

Mleta mada

Mkuu, umenigusa pabaya, nakiri hesabu hiyo sikuwa nimeiona hivyo. Lakini nina swali. Hayo yote tuliyajua kabla ya Cecil. Tulikuwa tunajifunza nini kipya kwa kifo chake mwaka 2015, na kwa cha Xanda 2017? Mnyama akishatoa ushahidi mara 24, wa 25 anatoa kwa ajili ya nani?

Mchangiaji wa 3

Mimi nimezaliwa kijiji kinachopakana na pori la akiba. Nasoma hapa nasikia majina ya simba, sisikii hata jina la ng'ombe mmoja. Simba mwenye kola na asiye na kola wote wanaruka boma usiku. Kifuta jasho kinacholipwa mfugaji hakifiki nusu ya thamani ya fahali, na kinakuja baada ya kuzungushwa miezi mingi. Kitalu cha uwindaji kilicho jirani yetu, pamoja na kasoro zake, kimejenga madarasa mawili na kinaajiri askari wa kijiji. Mkisema mnyama fulani haguswi kwa sababu ana mkufu wa watafiti, mwananchi atasikia hivi: wageni wameweka alama kwenye mali yao. Siku kola hiyo itakapokutwa mtoni hamtajua nani kaikata.

Kitu kimoja nakisifu lakini. Kuna sehemu watafiti wanaona simba mwenye kola anasogea kijijini, wanapiga simu, vijana wanahamisha mifugo mapema. Kola ya namna hiyo hata bibi yangu ataitetea.

Mchangiaji wa 4

Niongeze jambo moja dogo lakini zito. Kola inaweza ikageuka kuwa njia ya kumpata mnyama. Mwaka 2013 huko India mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa ikipokea taarifa za chui milia mwenye kola katika Hifadhi ya Panna. Kanada nako, katika Hifadhi ya Banff, ilibidi wageni wapigwe marufuku kutumia vipokezi vya redio kwa sababu wapiga picha walikuwa wanawafuata wanyama wa watafiti kwa mawimbi yao. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama apigwe au asipigwe, sheria iseme kwamba anayetumia ishara za kola kumtafuta mnyama wa kumwinda ni jangili, hata awe na kibali mkononi.

Mchangiaji wa 2

Hilo la mchangiaji wa 4 nalikubali bila masharti.

Mleta mada, nijibu swali lako. Kifo cha Xanda kilitufundisha kitu, ila somo lake liko kwenye ramani. Alipigwa kilomita mbili kutoka mpakani. Simba dume hajui mpaka, na akiuawa nje nafasi yake haibaki wazi. Dume mwingine anatoka katikati ya hifadhi kuja kuijaza, naye anakuta bunduki ileile. Hifadhi inavuja kama ndoo. Dume mgeni akiingia kwenye kundi, mara nyingi anaua watoto wa aliyemtangulia. Kwa Cecil tuliponea chupuchupu, kwa sababu mwenzake aliyeitwa Jericho alibaki na kundi na watoto hawakuuawa kama wengi walivyohofia. Baada ya Xanda watafiti wenyewe waliomba ukanda wa kilomita tano kuzunguka hifadhi usiwindwe kabisa. Angalieni walichoomba: ukanda unaomlinda simba yeyote aliyeko pale, mwenye kola na asiye nayo.

Tena kuna ugumu wa macho. Manyoya ya shingo ya dume mzima hufunika kola, na akiwa kwenye chambo jioni huioni. Hapa kwetu Tanzania chui jike haruhusiwi kuwindwa, lakini ngozi zilipopimwa vinasaba, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha zaidi ya robo ya chui waliouawa kama madume walikuwa majike. Sheria inayotegemea jicho la mtu aliyelipa maelfu ya dola na ana siku chache za kukaa porini ni sheria dhaifu. Mpaka kwenye ramani hauna manyoya.

Mchangiaji wa 5

Kwa nini tusifunge uwindaji wote tumalize? Kenya ilifunga 1977.

Mchangiaji wa 2

Na tangu 1977 hadi 2016 Kenya ilipoteza takriban theluthi mbili ya wanyamapori wake, kwa sababu ya mifugo kuongezeka, uzio, mashamba na ujangili. Sisemi kufunga uwindaji ndiko kulikoleta hayo. Nasema tu kwamba kufunga peke yake hakukuyazuia. Zambia nayo ilifunga uwindaji wa simba na chui 2013, baadaye ikafungua tena. Tanzania iliamua kupima umri: simba awe amefikisha miaka 6, kwa sababu dume wa umri huo kwa kawaida ameshalea angalau uzao mmoja. Utafiti wa Serengeti, ulioanza 1966, umechangia sana kuijenga hoja hiyo. Lakini kumbukeni Xanda alikuwa na miaka 6, na alikuwa na watoto wadogo. Umri unasaidia, hautoshi.

Mleta mada

Nimesoma wote, na nabadilisha ombi langu, si kwa sababu nimechoka kubishana bali kwa sababu mmenionyesha nililokuwa silioni. Nilikuwa namlinda simba ninayemjua jina. Sasa naomba hivi: ukanda wa kilomita tano kuzunguka hifadhi za taifa usiwe na uwindaji wa simba na chui, taarifa za kola zifungwe kama zinavyofungwa taarifa za benki, na mwindaji akipiga mnyama mwenye kola arudishe kifaa mara moja, kikiwa kizima, na aseme mahali alipompigia. Kola ya Xanda ilirudishwa, ya Cecil haikurudishwa, na tofauti hiyo peke yake ni kipimo cha mwindaji.

Moja silirudishi nyuma. Mahali ambapo idadi ya madume imeshuka kama ilivyokuwa Hwange, uwindaji usimame kwanza, mwenye kola na asiye nayo, na usirudi mpaka hesabu iseme urudi.

Mchangiaji wa 3

Hapo sasa tunaongea, ila bado swali langu halijaguswa. Hizo kilomita tano kwenye ramani yenu ndipo ilipo zahanati yetu, na ndipo kilipo kitalu kinacholipa mgao wa kijiji. Kitalu kikiondoka mgao unakoma mwaka huohuo, na simba anabaki. Anayetaka ukanda huo aje kwenye mkutano wa kijiji, akae chini na wazee, aseme kwa sauti nani atalipa na atalipa mpaka lini. Akija na jibu hilo, mimi mwenyewe nitanyoosha mkono kwanza.