Kitufe cha kufuta kinasogeza kishale mbele ndani ya kontena

Swali

Ndugu wanajukwaa, natumia terminali (dirisha la kuandikia amri) ya kitty kwenye kompyuta yangu, naingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, kisha kutoka hapo naingia ndani ya kontena ya Debian, yaani mazingira yaliyotengwa yanayoendeshwa na Docker, kwa amri hii:

docker exec -it -e TERM programu bash

Nikibonyeza kitufe cha kufuta, kishale kinasogea mbele badala ya kurudi nyuma, na nikiandika clear napata ujumbe huu: 'xterm-kitty': unknown terminal type. Nano haifunguki kabisa. Kipande cha -e TERM nilikiongeza mwenyewe kwa sababu rangi zilikuwa chache mno, na matatizo yalianza hapo. Nje ya kontena, seva haina shida yoyote.

Jibu la 1

Ndugu, kontena yako ni nzima. Kwa -e TERM imepewa jina la terminali yako, xterm-kitty, isilolijua. TERM ni jina tu, na programu kama nano hulitumia kutafuta maelezo ya terminali katika hifadhidata ya terminfo, ambamo imeandikwa namna ya kufuta herufi, kusogeza kishale na kupaka rangi. Seva yako inayo maelezo ya xterm-kitty, lakini kontena ina mafaili yake yenyewe na haisomi ya seva. Ulipokuwa hujaongeza kipande hicho, Docker iliweka jina xterm, linalojulikana karibu kila mahali ila lina rangi 8 tu. Andika -e TERM=xterm-256color, kwa kuwa maelezo hayo yamo katika kifurushi cha ncurses-base ambacho kila Debian huja nacho.

Jibu la 2

Naafikiana na maelezo ya mwenzangu, ila kwa kontena unayoingia kila siku ningependelea kuipa maelezo ya kweli kuliko kuitajia jina la terminali nyingine. Kutoka kwenye kompyuta yako, andika:

infocmp -x xterm-kitty | ssh seva docker exec -i programu tic -x /dev/stdin

Hapo infocmp inatoa maelezo ya terminali yako, na tic inayaweka ndani ya kontena. Zingatia kwamba kuna -i pasipo -t, kwa sababu yanayopita ni maandishi ya kusomwa na tic, si kikao cha mtu anayebonyeza vitufe. Maelezo hayo yatapotea kontena ikifutwa na kuundwa upya, hivyo ukitaka yadumu ongeza kifurushi cha kitty-terminfo kwenye Dockerfile, yaani faili la maelekezo ya kuiunda.

Muuliza swali

Nashukuruni sana, kitufe cha kufuta na nano vyote sasa vinafanya kazi. Limebaki jambo moja: amri ndefu inajikunja na kuandikwa juu ya mstari uleule.

Jibu la 2

Hilo halitokani na TERM, bali ni ukubwa wa dirisha ambao haukufika ndani ya kontena. Andika stty size. Ikijibu 0 0, au namba zisizolingana na dirisha lako, weka mwenyewe, kwa mfano stty rows 50 cols 160.