KIGOMA: Mlionyoosha mikono ziwa lifungwe ndio hao hao mlioingia usiku na kokoro!

Wakuu salaam. Hili jambo nimelibeba kifuani muda mrefu, leo nalitema.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, makubaliano ya nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, uliitishwa mkutano. Anayeunga mkono anyooshe mkono! Sikuona mkono uliobaki chini. Mzee mmoja, jirani yangu kabisa, akasimama akasema wenye makokoro, zile nyavu za kukokotwa mpaka ufukweni, wafungwe jela. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma.

Mimi nikatii. Mtumbwi nikauvuta nchi kavu, injini nikaificha ndani, vijana wangu wanne wakarudi kwao kulima. Jua la Julai likapasua mbao, kalafati yote, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, ikaachia. Aliyewahi kupiga kalafati upya anajua inakula hela kiasi gani.

Sasa sikilizeni. Alfajiri moja natoka msikitini, nakutana na mke wa yule mzee, beseni kichwani, kitenge juu, maji yanamchuruzika begani. Shikamoo mama, marahaba, mbio mbio. Upepo ukainua kitenge: vitoto vya samaki, havifiki hata kidole changu. Hivyo kwangu ni vya kokoro, maana ndilo linalokomba ufukweni vitoto vinakokulia. Na kokoro ni haramu mwaka mzima, siyo miezi mitatu tu!

Nikamfuata mzee. Akanijibu, "Mwanangu, sheria naiunga mkono, ila wanaomaliza ziwa ni wenye vyombo vikubwa." Wenye vyombo vikubwa nao wanawasema wenye makokoro, na wote kwa pamoja wanawasema Wakongo.

Njaa yake simlaumu, nami nililala nayo. Kinachoniuma ni yale makofi. Angesema pale pale "miezi mitatu siwezi", tungedai unga, tungedai mikopo ya kusogeza siku. Wakubwa waliondoka wakijua wananchi tumeridhia, wakafunga daftari.

Na nyie wa mjini mliokuwa mkinong'ona sokoni "leo umeingia ziwani?", kisha mchana mnapiga kelele doria iongezwe, mlidhani doria inamtafuta nani?

Wenzetu wa ufukweni kule Buhingu na Kalya, kwenu ilikuwaje? Semeni ukweli.