Mjadala: Chupa za maji zipigwe marufuku kama mifuko, au turudishe "hela ya chupa"?

Mbukwenyi wakuu.

Jambo hili limetugawa ofisini tangu wiki iliyopita. Jamaa yetu mmoja, tunakaa naye meza jirani huku Mtumba, alituma mate yake nje ya nchi akapimwa vinasaba. Majibu yakaja kwenye simu, kurasa kibao zenye rangi: asinywe maziwa, apunguze wali, kahawa mwisho saa sita mchana, maji lita tatu kila siku. Tangu hapo buti la gari lake halikosi katoni mbili za maji ya chupa. Gari linashinda juani, na jua la Dodoma mnalijua. Akitoka kuchukua chupa, ukiishika unadhani ni uji uliopoa kidogo. Mtu kapangiwa mlo wa peke yake duniani, halafu maji yake yanapikwa kwenye buti.

Nikamtania, akaja juu. Ubishi ukahama kutoka kwake ukaangukia chupa zenyewe. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Watu walilia kwamba haiwezekani, ikawezekana, chupa zikabaki. Nendeni Msalato Jumapili asubuhi, siku moja baada ya mnada. Mimi nilisimama kwenye kingo ya korongo nikaangalia chini: mchanga huuoni, ni chupa tu, nyingine bado zina maji robo, vifuniko vya bluu vimetawanyika kama punje. Mvua ikinyesha zinasombwa hadi kwenye kalavati, zinaziba, maji yanapanda barabarani. Na mji wenyewe huu hauna hata miezi mitano ya mvua kwa mwaka!

Wapo wanaotaka zipigwe marufuku, basi. Siwaungi mkono. Mfuko mbadala wake ulikuwa kapu, na kapu kila nyumba lipo. Mbadala wa maji ya chupa ni bomba lenye maji matamu, na ninakoishi mimi tunatumia kisima cha chumvi. Sabuni haitoi povu, chai unaitia sukari na bado ulimi unakataa. Ukiziondoa chupa kesho, anayeumia si bosi mwenye mtambo wa kuchuja maji nyumbani.

Ninachotaka ni hela ya chupa. Wote tumekulia humo: ukitumwa soda unaambiwa nenda na chupa. Huna? Kunywa hapahapa, au acha hela ya chupa. Lini mmeona chupa ya kioo ya soda imelala korongoni? Tuweke shilingi 100 juu ya bei ya maji, irudi kwa atakayerudisha chupa. Ujerumani walianza 2003, leo ni senti 25 za euro kwa chupa. Hapa kijana mmoja muokota makopo wa Majengo ameniambia kilo anauza shilingi 300, na kilo moja ni chupa ndogo kama sabini. Kwa hesabu yangu chupa hizohizo zingempa 7,000.

Karibuni. Ila msimtukane mtu wa vinasaba, anasoma humu.

MAMA LISHE SABASABA:
Kaka, umehesabu vizuri hela ya muokota makopo, ya kwangu hujahesabu. Kreti ya soda inarudi na gari la soda. Maji mimi naletewa na guta, leo kampuni hii, kesho ile. Nikishampa mteja shilingi 100 zake, chupa nazipanga wapi? Kibanda changu ukinyoosha mikono umegusa kuta mbili. Na nani ananirudishia mimi, lini? Tena hizo unazoziita uchafu, nikizipata safi natilia juisi ya ukwaju na ubuyu. Ukizipandisha bei umenipandishia na juisi.

TICHA WA KEMIA:
Nitasema la afya tu, maana huku kuna vitisho vingi vya kutumiana kwenye simu.

Geuza chupa yako, chini utaona namba 1 ndani ya pembetatu. Hiyo ni PET, aina ya plastiki. Ile kemikali ya BPA inayotajwa kila siku haimo humo. Imo kwenye plastiki ngumu ya polikaboneti, inayotengeneza baadhi ya yale madumu ya lita 18.9 mnayoyapindua kwenye mashine ya maji ofisini. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto wachanga tangu 2011.

PET ina antimoni, madini yanayotumika kiwandani kuharakisha utengenezaji, na joto huitoa ikaingia kwenye maji. Watafiti wa Arizona, jimbo la jua kali Marekani, walilipima hilo mwaka 2008. Kwenye nyuzi 60 ilichukua siku 176 antimoni kuvuka kiwango kinachoruhusiwa kwao. Kwenye nyuzi 80, siku mbili na kitu. Kwa hiyo jamaa wa buti alale salama, mchana mmoja haumdhuru kwa hilo. Mimi ninaziogopa katoni zinazopangwa nje ya duka, juani, tangu Agosti hadi Novemba, na muuzaji anazimwagia maji zipoe ili zionekane mpya.

Lingine ni vipande vya plastiki vyenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walihesabu wastani wa vipande 240,000 kwa lita moja ya maji ya chupa yanayouzwa Marekani, vingi vidogo mno hata darubini ya kawaida haivioni. Mwaka huohuo Italia walichunguza utando uliotolewa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa. Waliokutwa na plastiki ndani yake walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu kuliko wenzao. Kama plastiki ndiyo iliyosababisha, utafiti ule haukuthibitisha. Lakini mimi nimeshanunua mtungi.

MFUGAJI CHAMWINO:
Sisi tunawaza mambo mengine kabisa. Mwaka juzi tulichinja mtamba aliyekonda bila sababu, tumboni tukatoa fundo la mifuko na lebo za chupa, limeshikana kama mpira wa makaratasi ya watoto. Mifuko imepungua, lebo na vifuniko vipo.

Halafu huyo ndugu aliyeambiwa asinywe maziwa ni kabila gani? Mbona sisi tunakunywa tangu tuko mgongoni?

BINTI WA LISHE, UDOM:
Baba, umeuliza swali ambalo kampuni za vipimo hazipendi kuulizwa. Mtoto humeng'enya sukari ya maziwa kwa kimeng'enya cha laktesi. Kwa watu wengi duniani kinapungua wakikua, kwa wengine kinabaki kwa sababu ya herufi moja ya vinasaba kubadilika karibu na jeni yake. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Herufi iliyobadilika kwa wafugaji wa huku si ile ya Wazungu. Vipimo vingi vya biashara huangalia ile ya Wazungu. Mgogo au Mmaasai anayekunywa kibuyu kizima anaweza kuambiwa na simu yake kwamba maziwa hayamfai.

Na hata kwao, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watu 609, wakawapa wengine mlo wa mafuta kidogo na wengine wa wanga kidogo kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2018: jeni walizozipima hazikuonyesha nani angepungua zaidi kwa mlo upi. Kaka wa Mtumba, kama maziwa hayakusumbui tumbo, kunywa tu.

KIJANA WA MANYONI:
Msisahau sisi wa barabarani. Mafuta ya alizeti na asali tunauza kwenye chupa hizohizo za maji, abiria wa basi ananunua kupitia dirishani. Mkizipiga marufuku nimefunga biashara. Mkiweka mia mia, nitawashinda waokota makopo wote kwa kununua.

TICHA WA KEMIA:
Mdogo wangu, asali sina neno nayo sana kama chupa imeoshwa ikakauka. Mafuta ya alizeti yaondoe juani. Mwanga na joto huyachachusha ndani ya chupa inayopitisha mwanga, hata ingekuwa ya kioo. Yaweke kivulini, mezani acha moja ya kuonyesha.

MTOA MADA:
Mama wa Sabasaba amenibana. Nilifikiria mnywaji na muokotaji, mtu wa katikati nikamruka. Labda chupa zisirudi kibandani kwako, zirudi kwenye stoo za jumla ambako guta linapakia, na guta lisirudi tupu. Na chupa isirudi imevimba hewa, ikanyagwe kwanza. Hapo gunia moja linabeba mara kadhaa ya hizo unazoziwaza. Ila wewe wa juisi hutaki iliyokanyagwa, hilo nimeliona.

Wenye stoo za Majengo na kule Nzuguni soko la Job Ndugai, mpo humu? Semeni kwa siku mnatoa katoni ngapi na nafasi ya kupokea mnayo au hamna.

Jamaa yangu ameusoma uzi wote. Leo kaja na chupa ya chuma, na chai ya maziwa kaimaliza.