Mrejesho: Riwaya ya mapenzi ya 1814, bustani ya Ranelagh au Vauxhall?

Wadau, asanteni. Niliuliza kama wapendanao wangu wa London ya 1814 wanaweza kukutana Ranelagh, bustani ya starehe ya umma. Jibu ni hapana: ilifungwa 1803, na ukumbi wake wa duara ukabomolewa 1805. Nimehamishia tukio lote Vauxhall, bustani nyingine ya aina hiyo.

Marekebisho niliyofanya ni haya. Gari la farasi lililovuka Daraja la Vauxhall limetoka, kwa sababu daraja lilifunguliwa 1816. Sasa wanapanda mashua Westminster na kuvuka mto Thames, na safari hiyo imezaa mazungumzo mazuri kuliko yale ya garini. Tukio la Januari nimelipeleka Juni, maana bustani ilifunguliwa majira ya joto tu.

Giza ndilo lililonisumbua zaidi. Juni jua la London huzama kama saa mbili na robo usiku kwa saa za enzi hizo, kwa hiyo busu la kificho kwenye Njia ya Giza, kijia cha bustanini kisicho na taa, halifai kabla ya saa tatu na nusu. Taa ni za mafuta, maelfu, zinawashwa karibu kwa pamoja filimbi ikilia. Hapo ndipo msichana anauona uso wa kijana kwa mara ya kwanza.

Mezani nimeweka nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, maana Vauxhall ilisifika kwa hilo, pamoja na panchi ya araki, yaani kinywaji cha kuchanganya chenye pombe kali.