Karma na dhambi: Mbuddha huomba msamaha kwa nani?

Swali: Mkristo hutubu mbele za Mungu na kusamehewa dhambi zake, je, Mbuddha, asiyemtegemea Mungu muumba, humwendea nani?

Jibu la kwanza: Hakuna hakimu wa kuombwa. Buddha alifundisha kwamba nia ndiyo karma, yaani tendo lenye matokeo yanayomrudia mtendaji, hivyo tendo lililotokana na tamaa, chuki au ujinga huzaa mateso lenyewe, katika maisha haya au yajayo.

Jibu la pili: Kisa cha Angulimala kinaeleza zaidi, kwani muuaji huyo aliyegeuka mtawa alifikia ukombozi, lakini bado alipigwa mawe, na Buddha akamwambia avumilie matunda ya matendo yake. Kwa Wakristo ni tofauti: mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa paradiso siku ileile.

Muulizaji: Hata hivyo, ndugu, huyo naye hakushushwa msalabani, msamaha ulimwondolea hatia, si adhabu ya Warumi.