Ukurasa wa hali ya hewa usioonyesha upepo unatusaidia nini watu wa ziwani?

Ndugu wanajukwaa, salaam. Programu yenyewe sitaitaja jina, lakini wengi mnasomea habari humo. Wametangaza kwa mbwembwe kwamba sasa ina ukurasa wa hali ya hewa, nami nasema ukurasa huo umesanifiwa na watu ambao wasiwasi wao wa asubuhi ni kama wabebe mwavuli au wauache.

Huku Kigoma tunauliza upepo. Kusi inaposhika, kuanzia Mei hadi Agosti, Ziwa Tanganyika huchafuka, na mvuvi wa dagaa au abiria anayengoja boti ya Mwamgongo pale mwalo wa Kibirizi anataka kujua upepo unatoka upande gani, una kasi gani, na mawimbi yatafika mita ngapi. Ukifungua ukurasa wao unapokewa na jua linalotabasamu na nyuzi joto 28 kwa tarakimu zinazojaza nusu ya kioo. Upepo umesukumwa chini kabisa, baada ya tangazo la video linalokula bando, nao ni namba tupu isiyo na mwelekeo. Mawimbi hayapo kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hulitoa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kuna ugumu gani kuliweka juu ya ukurasa, kwa rangi yake ile ile ya njano?

Tena hawaandiki utabiri umetolewa saa ngapi. Boti ikishaacha mwalo mtandao hukatika, na ukurasa hubaki mweupe badala ya kuhifadhi utabiri wa mwisho pamoja na saa yake. Kasulu ya milimani na Ujiji ya ufukweni zinapewa namba moja, kwa kuwa zote ni "Kigoma". Mwezi Machi walitutumia arifa kwamba masika yanaanza, ilhali mvua zetu ni za msimu mmoja na tumekuwa tukinyeshewa tangu Novemba! Hayo ni ya Pwani, wawapelekee wa Pwani.

Tuliwaandikia, tukajibiwa kwamba maoni yetu ni muhimu sana kwao. Toleo jipya limeshatoka: wingu sasa linatembea, na imeongezwa alama ya theluji. Mwelekeo wa upepo bado haupo.