Tupeane uzoefu: mliorudi chuo fultaimu mkiwa watu wazima (Moshi na Arusha)

Mama Pasua

Habari za jioni ndugu zangu. Nina miaka 44, mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Nipo mwaka wa pili wa stashahada ya usimamizi wa ushirika na uhasibu pale Chuo Kikuu cha Ushirika. Nasoma kutwa, asubuhi hadi jioni, kama vijana waliotoka sekondari juzi. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mikopo kwenye SACCOS kwa miaka 16. Nafasi ya umeneja ikatangazwa, sifa ya kwanza ikawa stashahada, akapewa kijana ambaye mimi ndiye nilimwelekeza namna ya kujaza daftari la wakopaji. Sikumchukia, alikuwa na cheti na mimi sikuwa nacho. Ila nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mume wangu kwamba mimi nakwenda kusoma.

Nafungua uzi huu kwa sababu jirani yangu wa miaka 39 aliniuliza wiki iliyopita, "Dada, hivi inawezekana kweli?" nikashindwa kumpa jibu. Naomba tusije hapa kuambiana kwamba umri ni namba tu. Semeni ada mlitoa wapi, watoto mlimwachia nani, na siku mliyotaka kuacha ilikuwaje.

Naanza mimi. Kilichokaribia kunitoa chuoni ni saa tatu usiku. Kazi nyingi pale ni za makundi, na vijana wa hosteli wakishakula ndipo wanakusanyika kwenye vimbweta kujadili. Kwao saa tatu ni mapema. Mimi saa tatu natakiwa niwe nimepika, nimekagua madaftari ya mtoto wangu mdogo wa darasa la nne, na daladala za kurudi Pasua zimeshaanza kuadimika, imebaki bodaboda. Muhula wa kwanza nilikwenda mara nne, mume akanyamaza. Mnajua mtu akinyamaza. Mara ya tano sikwenda, na kundi likawasilisha kazi bila jina langu. Haki yao, sikuwa nimefanya kitu.

Niliwaita wote sita nikawaeleza bila kuficha kwamba usiku siwezi, na sitaweza hadi tunamaliza. Nikawaomba Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, chakula juu yangu. Walikuja. Nikapika makande, sufuria likaisha. Tangu siku hiyo kundi letu linakutana Pasua, na mume wangu anawajua kwa majina, anawauliza matokeo yao kabla hajaniuliza yangu.

Kwa hiyo nikimjibu jirani: kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, kaeni nyumbani mpange saa. Nani anapika Jumanne, nani anamfuata mtoto, mgonjwa wa kijijini anapelekwa hospitali na nani. Sisi tulijadili ada miezi mitatu na saa hatukuzijadili hata siku moja.

Fundi wa Ngaramtoni

Shikamoo Mama Pasua. Mimi nilikuwa fundi umeme wa mtaani miaka 14 kabla ya kuingia Chuo cha Ufundi Arusha nikiwa na 37. Nyumba nilizofunga waya huku Sakina na Ngaramtoni sizikumbuki idadi. Kilichonisukuma ni leseni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, na ukitaka daraja la kukuruhusu kushika kazi kubwa wanaangalia cheti pamoja na uzoefu. Mimi nilikuwa na uzoefu peke yake, nikawa namfanyia kazi mwenye leseni, hela yote anachukua yeye.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kidato cha nne. Ngazi ya cheti inataka ufaulu wa masomo manne, dini haihesabiwi, na kwa ufundi hisabati na fizikia hukwepi. Nilikuwa na F ya hisabati ya zamani. Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasoma tuisheni ya usiku karibu mwaka mzima, Novemba nikakaa kwenye chumba cha mtihani na watoto wa rika la binti yangu. Nikapata D. Ile D naithamini kuliko cheti kingine chochote nilicho nacho.

Darasani mikono yangu ilikuwa mbele na kalamu ilikuwa nyuma. Karakana nilikuwa nawasaidia wenzangu, lakini kwenye trigonometria na namba changamano nilikuwa wa kusaidiwa. Niwape mfano mmoja. Miaka yote 14 nimepima volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro, na nikipima nyekundu na njano kwenye laini ya fezi tatu napata 400. Sikuwahi kujiuliza kwa nini isiwe 460, yaani 230 mara mbili. Siku mwalimu alipochora mishale mitatu iliyopishana nyuzi 120, akaonyesha kwamba hazijumlishwi moja kwa moja kwa sababu hazifiki kileleni pamoja, akazidisha 230 kwa 1.73 ikaja 398, nilihisi mwili unasisimka. Kitu nilichokishika kwa mkono kila siku nilikuwa sikijui. Vijana waliandika wakageuza ukurasa. Mimi nilibaki pale ubaoni hadi kipindi kingine kinaingia.

Ada nililipa kwa kazi za Jumapili na likizo. Niliuza pikipiki. Mke wangu aliuza ndizi Kilombero miaka yote mitatu, na hilo nalisema mbele za watu popote.

Mwalimu wa Rombo

Mimi nitasema jambo moja tu, maana liliniumiza na sitaki mwingine aumie.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipata nafasi ya shahada kwenye chuo kikuu kimoja hapa Moshi, nikaandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, ikapita kwa mwalimu mkuu na kuendelea juu. Chuo kikafungua mwezi wa kumi, barua haijarudi. Kila mtu ananiambia nenda tu, ruhusa itakufuata. Nikaenda. Miezi miwili baadaye mshahara haukuingia, nimehesabiwa mtoro kazini. Nilikaa miezi saba bila mshahara nikiwa na mkopo wa benki, nikahama chumba cha kupanga nikarudi kulala kwa dada yangu Majengo, nikifuatilia barua kila Ijumaa. Ilinyooka mwishowe, lakini muhula ule nilirudia mitihani mitatu.

Usiondoke kituo cha kazi bila barua mkononi, yenye muhuri. Ikichelewa, omba chuo kikuahirishie nafasi hadi mwaka unaofuata. Mwaka mmoja si mrefu kuliko ile miezi saba.

Mama Pasua

Pole sana mwalimu wangu. Na mliozidi miaka 35 msipige hesabu za mkopo wa serikali. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo nilioupitia wakati naomba ulitaka mwombaji asiwe amezidi miaka 35. Mimi nililipa kwa akiba zangu za SACCOS na kuku wa mayai. Kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: bima ya afya ya mwanafunzi mwaka wangu wa kwanza ilikuwa 50,400 na wanaidai siku ya usajili, lakini kama tayari una kadi ya NHIF kupitia mume au mke, peleka nakala yake usilipe mara mbili.

Gaidi wa Sanawari (jina la kazini tu jamani, naongoza watalii)

Mimi sikumaliza. Naomba niandike pia, maana nyuzi za hivi huwa zinajaa waliofaulu.

Machi 2020, corona ilipoingia, wageni waliacha kuja. Gari limepaki, simu haiiti. Mwaka ule vyuo navyo vilifungwa, vikafunguliwa tena Juni mosi. Nikasema hii ndiyo nafasi yangu, Oktoba nikaanza stashahada, fultaimu, hapa hapa Arusha. Nilikuwa na 41. Nilisoma vizuri, nilifurahi, sikuwa na sapu (mtihani wa kurudia) hata moja mwaka wa kwanza.

Wageni waliporudi ndipo nilipobanwa. Kwetu msimu wa hela ni Julai hadi Septemba, na mimi nilikuwa nimejipanga hivyo: chuo kikifunga naingia porini, naleta ada ya mwaka mzima. Kumbe miezi hiyo hiyo ndiyo ya fildi, mafunzo ya vitendo kazini. Wiki nane unatakiwa uwe ofisini, na msimamizi anakuja kukukagua. Niliomba nifanyie fildi kwenye kampuni ya utalii, nikakubaliwa, lakini walitaka niwe mezani, siyo Serengeti. Nikachagua Serengeti. Nilikuwa na watoto wawili bweni, na sidhani kama nilikosea, lakini hadi leo nikipita barabara ya Njiro nikaona vijana na mabegi yao roho inaniuma.

Mwakani narudi, darasa la jioni. Safari hii nimeuliza ratiba ya fildi kabla ya kuuliza ada. Anayefanya kazi ya msimu, iwe utalii au kahawa au ufundishaji wa tuisheni, aweke kalenda mbili pembeni kwa pembeni kwanza.

Binti wa mwaka wa pili

Shikamooni wote. Mimi si mtu mzima, nina miaka 21, lakini darasani kwetu tuna mama kama ninyi. Naomba kuwaambia upande wetu. Mwanzoni tulikuwa tunachoka, kipindi kinaisha yeye ananyoosha mkono. Halafu tulipofika kwenye mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, mhadhiri anaeleza kwa vitabu, mama akaomba kusema. Akatueleza mkopaji anavyoanza: kwanza analeta marejesho nusu, kisha anamtuma mtoto, kisha anabadilisha njia ili asipite mbele ya ofisi. Mhadhiri alikaa chini akasikiliza. Swali la mtihani lilipokuja niliandika kwa maneno ya mama.

Jambo moja tunaomba: msijitenge. Mkikaa viti vya mbele peke yenu na kuondoka kipindi kikiisha, sisi tunaogopa kuwafuata. Kwetu hapa mtoto hamwanzi mkubwa.

Fundi wa Ngaramtoni

Hapo kwenye kuogopana kuna suala la shikamoo, wengine mlilitatua vipi? Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na miaka 28. Tukikutana koridoni ananiamkia, naitikia marahaba, kisha dakika tano mbele mimi ndiye naomba ruhusa ya kutoka nje. Ilinisumbua.

Mwalimu wa Rombo

Mimi niliacha vyote viwe. Nje ya darasa ni mdogo wangu, naipokea shikamoo yake. Ndani ni mwalimu wangu, nasimama nikijibu. Mimi mwenyewe nimefundisha watu wazima kusoma, najua heshima haipungui kwa kumwita mtu mwalimu.

Mama Pasua

Mimi wenzangu waliniita "mama" siku ya kwanza, sikupenda, nilijiona nimewekwa pembeni. Baba yangu ndiye aliyenituliza. Yeye alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho, na mwanzoni mwa miaka ya 70 alipelekwa kozi hapo hapo, enzi hizo ni Chuo cha Ushirika tu, kilianza 1963. Alikuwa na watoto wanne tayari. Akaniambia darasa lao zima lilikuwa watu wenye familia, wametumwa na vyama vyao, na jioni walikuwa wanaandika barua nyumbani kuulizia mashamba. "Hicho chuo kilijengwa kwa ajili ya watu kama wewe," ndivyo alivyosema. Sijawahi kuingia geti lile kwa aibu tena.

Halafu kuhusu siku ya kutaka kuacha, niliwaomba ninyi mseme na mimi sikusema. Ni wiki ya mitihani ya mwisho, mwaka wa kwanza. Mama mkwe alipata kiharusi Jumapili usiku, nikalala naye wodini. Jumatatu saa tatu asubuhi nina mtihani. Nilikuwa nimeshaamua kutokwenda na kutorudi kabisa. Muuguzi aliyeniona na madaftari ndiye aliyeniambia, chukua karatasi ya daktari, nenda chuoni sasa hivi kabla mtihani haujaanza. Nilikwenda na kanga niliyolala nayo. Nikaandika barua ya kuahirisha mtihani, nikaambatanisha ile karatasi, ikapokelewa. Mitihani miwili niliifanya baadaye, nikafaulu yote. Ningekaa kimya ningehesabiwa nimekimbia mtihani. Mama yupo hai, anatembea kwa fimbo, na ndiye anayewachagulia mchele vijana wangu wa Jumamosi.

Mzee wa Kiboriloni

Wanangu nimewasoma wote. Nina 52. Nataka kuomba mwaka huu, ngazi ya cheti. Vyeti vyangu vina jina la ubatizo na jina la babu, kitambulisho cha taifa kina jina la baba. Cheti cha kuzaliwa sina. Naanzia wapi?

Mama Pasua

Shikamoo baba. Anza na RITA kwa cheti cha kuzaliwa, hicho ndicho kinachochukua muda, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya na cheti chako cha ubatizo na cha shule ya msingi. Majina uende kwa wakili akuandalie kiapo kinachosema hayo majina yote ni ya mtu mmoja, na umwambie ni kwa ajili ya chuo. Cheti cha kidato cha nne unacho mkononi au kilipotea? Kama kilipotea, kwanza polisi upate hati ya kupotelewa, kisha Baraza la Mitihani.

Jumamosi kundi langu linakutana kwangu saa nne. Njoo na bahasha yako yote, kuna kijana mmoja ni hodari wa kujaza maombi mtandaoni. Nikutumie namba inbox?